Volteji Tangulizi

Anayejijengea amplifaya ya gitaa ya valvu hukutana na neno la Kiingereza "bias" kabla hajamaliza kuusoma mchoro. Akifungua kamusi ya kawaida anapewa "upendeleo", naye anabaki kujiuliza valvu inampendelea nani. Maana hiyo ni ya mahakamani na ya uchaguzi. Katika elektroniki, neno hili ni volteji inayowekwa kwenye valvu kabla sauti haijaingia, ili kuamua mkondo upite kiasi gani wakati gitaa limenyamaza. Ningeweza kusema "mwegamo", kwani asili ya neno ni kitu kilichokaa upande, lakini mwegamo haumwambii fundi kazi ya volteji hiyo. Napendekeza "volteji tangulizi", kwa sababu inaitangulia sauti, na hupimwa sauti ikiwa haijaja.

Ndani ya valvu, kathodi ikipashwa moto hutoa elektroni, nazo hukimbilia anodi yenye volti mia kadhaa chanya. Katikati imesimama gridi. Ikiwa hasi kuliko kathodi, gridi huzisukuma elektroni zirudi nyuma. Hivyo kadiri ilivyo hasi zaidi, mkondo hupungua. Ikikosa uhasi huo, mkondo hufurika na anodi huanza kuwa nyekundu.

Tuchukue amplifaya ya Fender Champ ya muundo wa 5F1, ambayo wajenzi wengi huanza nayo kwa kuwa ina valvu tatu tu: 12AX7 ya kukuza sauti mwanzoni, 6V6GT ya kuendesha spika na 5Y3GT ya kunyoosha umeme. Leo Fender mwenyewe alikuwa fundi redio; alifungua karakana yake mjini Fullerton, California, mwaka 1938, na michoro yake inasomeka kama kazi ya mtu aliyezoea kutengeneza vilivyoharibika. Katika Champ hakuna waya wowote unaoleta volti hasi kwenye gridi ya 6V6. Kati ya kathodi na chesisi kuna rezista ya omu 470. Mkondo ukipita humo, kathodi inapanda juu ya chesisi, ilhali gridi inabaki kwenye sifuri. Kathodi ikisoma volti 19, basi gridi iko volti 19 chini yake. Mwanafunzi anayetafuta alama ya kutoa kwenye mita ataitafuta hadi jioni, maana ameweka ncha nyeusi kwenye chesisi. Volteji siku zote ni tofauti kati ya sehemu mbili, na swali la kwanza ni: imepimwa kutoka wapi?

Hesabu yake ni fupi. Gawanya 19 kwa 470, unapata takribani miliampea 40. Anodi ikisoma 340 kutoka chesisi, toa 19, zibaki 321; zidisha kwa mkondo huo, unafika karibu wati 13. Majedwali ya zamani yaliiwekea anodi ya 6V6GT kikomo cha wati 12, ya baadaye wati 14. Sehemu ndogo ya mkondo huishia kwenye gridi ya pili ya 6V6, iliyo kati ya ile ya kwanza na anodi, kwa hiyo anodi yenyewe inabeba pungufu kidogo. Valvu inafanya kazi kwa nguvu, lakini haijaonewa.

Sasa kathodi isome 30. Usikimbilie kulaumu valvu. Pima gridi. Ikiwa ina volti chanya badala ya sifuri, kapasita inayoleta sauti kutoka anodi ya 12AX7 inavuja, nayo ndiyo inayoharibu volteji tangulizi. Kathodi ikisoma sifuri, kuna uwezekano wa magonjwa mawili yaliyo kinyume kabisa: ama valvu haipitishi kitu, ama kapasita iliyo sambamba na rezista ya kathodi imepiga shoti na mkondo umefurika. Tazama anodi, ikiwa nyekundu, zima mara moja.

Kwa 12AX7 mambo ni mepesi. Ikiwa rezista ya anodi ni omu 100,000, upande mmoja unasoma 250 na mwingine 150, mkondo ni miliampea 1. Pande zote mbili zikilingana, hakuna kinachopita.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna jambo la kuongeza. Umeme wa Tanzania ni volti 230, wa Kenya 240. Transfoma iliyotengenezwa kwa volti 220 ikichomekwa kwenye 240, kila kitu kinapanda kwa asilimia 9: volti 6.3 za kupashia kathodi zinafika karibu 6.9, na 340 zinafika 371. Anayeanza kwa kupima zile 6.3 atajua mapema kama tatizo liko kwenye amplifaya au kwenye transfoma aliyonunua. Michoro mingi ya Fender, hata hivyo, imechapwa kibali cha kupishana kwa asilimia 20, hivyo usihangaikie tofauti ndogo.

Kapasita za usambazaji hubaki na volti za kuua hata baada ya kuzima. Chomoa waya ukutani, ziteremshe kupitia rezista, uthibitishe kwa mita, ndipo uguse. Na kila unapoandika kipimo katika daftari lako, andika pia sehemu ilipokaa ncha nyeusi.