Nauli, Posho na Kalenda: Ufadhili wa Habari za Uchunguzi kuhusu Jinsia Tanzania Bara tangu 1987

Historia ya uandishi wa habari za uchunguzi kuhusu wanawake nchini Tanzania huelezwa mara nyingi kama historia ya ujasiri. Insha hii inaitazama kupitia daftari la hesabu: nani alilipa nauli ya mwandishi, kwa muda gani, na fedha ilipokwisha habari iliishia wapi. Hoja inayotetewa ni kwamba uhaba wa fedha ulikuwa sehemu tu ya tatizo. Sehemu iliyochunguzwa kidogo zaidi ni kalenda ya fedha hizo, ambayo kwa nadra ililingana na kalenda ya madhila yaliyoandikwa.

Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania (TAMWA) kilianzishwa mwaka 1987, Fatma Alloo akiwa miongoni mwa waasisi wake. Mwaka uliofuata kilianza kuchapisha jarida la Sauti ya Siti, jina linalomuenzi Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar aliyerekodi santuri zake Bombay mwaka 1928. Jina hilo lina uzito kwa mada yetu kuliko inavyodhaniwa. Katika wimbo wake wa Kijiti, Siti alisimulia mauaji ya mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam, na jinsi mkono wa sheria ulivyowaangukia wanawake waliokuwa naye huku mtuhumiwa akitoroka. Huo ulikuwa uchunguzi, ingawa haukuwa na mfadhili wala chumba cha habari.

Nguvu ya TAMWA katika miaka yake ya mwanzo ilitokana na mpangilio ambao watafiti wengi huupita haraka. Wanachama wake wengi walikuwa waajiriwa wa redio na magazeti, ambayo wakati huo kwa kiasi kikubwa yalikuwa ya Serikali na ya Chama tawala. Mishahara yao ililipwa kwingine. Fedha za wahisani zilipopatikana zilielekezwa katika safari, machapisho na kituo cha kuwasaidia wanawake waliopigwa au kudhalilishwa. Chama kilibuni pia mbinu ya kuvuma kwa pamoja: suala moja hufanyiwa uchunguzi, kisha vyombo vingi hulitoa kwa wakati mmoja, ili wenye mamlaka wasiweze kujifanya hawakusikia. Mwaka 1990, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipojiua baada ya kunyanyaswa na wanafunzi wenzake wa kiume, wanahabari hawa walikuwa miongoni mwa waliokataa suala hilo lizikwe pamoja naye. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ilipitishwa mwaka 1998. Haikuwa kazi ya TAMWA peke yake, kwani wanasheria wanawake na asasi nyingine walishiriki, lakini inatosha kuhesabu miaka: kumi na mmoja tangu chama kianzishwe. Hakuna ruzuku ya miezi sita inayofika huko.

Baada ya vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992, magazeti ya watu binafsi yaliongezeka, na pamoja nayo mwandishi wa mkoani anayelipwa kwa habari iliyochapishwa tu. Kwake, semina ya hotelini kuhusu haki za wanawake ina posho, usafiri na chakula cha mchana. Kwenda kijijini kumtafuta binti aliyeozwa kunamgharimu yeye mwenyewe. Ndiyo maana kurasa hujaa habari za jinsia karibu na tarehe 8 Machi na katika Siku 16 za kupinga ukatili, kuanzia Novemba 25 hadi Desemba 10. Fedha za usawa wa kijinsia zilikuwapo, ila zilikaa penye tukio.

Mfuko wa Vyombo vya Habari Tanzania (TMF), ulioanza mwaka 2008 kwa msaada wa wafadhili wa Ulaya, wakiwemo Uswisi na Denmark, ulijaribu kuigeuza hali hiyo. Mwandishi mmoja mmoja aliweza kuomba ruzuku kwa wazo lake, akagharamiwa safari na kupewa mshauri mzoefu. Kwa maoni ya mtafiti, hilo lilikuwa badiliko kubwa kuliko warsha zote zilizotangulia. Hata hivyo, ruzuku ina tarehe ya kufungwa, na habari iliyochapishwa huhesabiwa kuwa kazi iliyokamilika.

Tarime, mkoani Mara, inaonyesha ugumu huo vizuri. Sheria ya 1998 ilifanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa, kwa kifungo cha miaka 5 hadi 15, faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Miongoni mwa Wakurya, msimu wa ukeketaji huangukia zaidi Novemba na Desemba za miaka ya namba shufwa. Siku 16 huanza wakati huo huo, hivyo picha hupatikana kwa wingi. Lakini swali la kiuchunguzi, yaani ada anayolipwa ngariba inagawanywaje na wazee wa mila, na kwa nini shahidi ambaye ni shangazi wa binti hafiki mahakamani, hujibiwa katika mwaka witiri, wakati hakuna maadhimisho.

Kabla ya masomo haya mtafiti alikuwa mwandishi wa kujitegemea mkoani humo. Habari yake moja iligharamiwa na mfuko ambao hautatajwa hapa, ikatoka Desemba, na ripoti ya matumizi ikapokelewa. Kesi iliitwa Machi. Alipoomba nauli ya kurudi aliambiwa mradi umefungwa, na mhariri akauliza kama huko mahakamani kuna mgeni rasmi. Alikwenda kwa fedha yake. Kesi iliahirishwa mara tatu kwa kukosa mashahidi. Mara ya nne hakuwa na nauli, na hajui ilikwishaje.