Kuwajibika na Kuwajibishwa: Arusha na Siasa za Kujiuzulu

Mwezi Februari 2024 uliwachukua viongozi wawili wa Tanzania waliowahi kuandika barua ya kujiuzulu. Edward Lowassa alifariki tarehe 10, akazikwa kwao Ngarash, Monduli. Ali Hassan Mwinyi alifariki tarehe 29, akazikwa Mangapwani, Unguja. Mwinyi aliacha Wizara ya Mambo ya Ndani mwaka 1977 baada ya watuhumiwa kuteswa na kufa mikononi mwa vyombo vya dola Shinyanga. Lowassa aliacha uwaziri mkuu tarehe 7 Februari 2008 kwa sababu ya mkataba wa umeme wa Richmond. Katika kumbukumbu za taifa barua hizo mbili zimewekwa kwenye jalada moja, lile la viongozi “waliowajibika”. Makala hii inadai kuwa hazifanani, na kwamba kuzifananisha ndiko kulikotufikisha hapa tulipo.

Tuanze na kitenzi chenyewe, maana kinasema mengi kuliko sheria zetu. Kuwajibika ni jambo linaloishia kwa mtendaji: mtu huwajibika mwenyewe, kwa hiari au kwa soni. Kuwajibisha kunahitaji mtu wa pili mwenye mamlaka, na kuwajibishwa ni kufanyiwa, upende usipende. Nomino tuliyoichagua kwa mijadala yote ya utawala bora, uwajibikaji, imezaliwa na kitenzi cha kwanza. Sidai kwamba sarufi ndiyo iliyoleta ufisadi. Ninachosema ni kwamba tumezoea kumsubiri mkubwa awajibike, na akishafanya hivyo tunaona shauri limekwisha.

Kwa Mwinyi shauri halikuishia kwenye barua. Baadhi ya maofisa waliohusika na vifo vile walifikishwa mahakamani na kutiwa hatiani. Waziri aliondoka kwa dhamana ya kisiasa, sheria ikawafuata waliotenda. Ndiyo maana kurudi kwake madarakani, hadi Ikulu mwaka 1985, hakukuacha swali lililoning’inia.

Richmond ilikwenda vingine. Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa, nchi ikawa gizani, na mwezi Juni Tanesco ikafunga mkataba wa megawati 100 za dharura na kampuni ambayo Kamati Teule ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe iliikuta haina uwezo wala sifa za kazi hiyo. Mkataba ulikuwa umekwishahamishiwa Dowans, na mwaka 2010 mahakama ya usuluhishi ya kimataifa iliamuru Tanesco iilipe Dowans takriban shilingi bilioni 94. Lowassa na mawaziri wawili, Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha, walijiuzulu. Mfanyabiashara mmoja aliyehusishwa na Richmond alishtakiwa katika mahakama ya Kisutu. Kwa upande wa wanasiasa, hakuna hata mmoja wa hao watatu aliyepandishwa kizimbani kwa Richmond.

Hapa wengi husema: wakubwa wamelindana. Huenda. Lakini kuna upande ambao wapinzani wa Lowassa hawakupenda kuutazama. Yeye mwenyewe alilalamika bungeni kwamba kamati ilimtia doa bila kumwita kumhoji. Kama alikuwa na hatia, umma ulinyimwa hukumu. Kama hakuwa nayo, yeye ndiye aliyenyimwa. Barua ya kujiuzulu ilifunga jalada ambalo ilipaswa kulifungua, na jalada lililofungwa bila hukumu hugeuka mali ya siasa, kila mwenye haja akalichukua na kulitumia.

Likatumika kweli. Hata kabla ya barua, Septemba 2007, Mwembeyanga jijini Dar es Salaam, Dk. Willibrod Slaa wa Chadema alisoma orodha ya waliotuhumiwa ufisadi, na jina la Lowassa lilikuwamo. Monduli walimrudisha bungeni mwaka 2010. Mei 2015 aliujaza uwanja wa Sheikh Amri Abeid, katikati ya jiji la Arusha, akitangaza nia ya urais. CCM ilipolikata jina lake, Chadema ile ile ilimpokea na kumpa bendera ya Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani, Slaa akaondoka. Lowassa alipata kura 6,072,848, karibu asilimia 40. Machi 2019 akarejea CCM. Kuwacheka wapiga kura wa kaskazini kwa hili ni uvivu wa fikra. Mpiga kura hana faili la mwendesha mashtaka. Akipewa tuhuma isiyo na hukumu, atapima mtu kwa barabara, shule na ukoo, na hatakuwa amekosea kanuni yoyote.

Mfano wa pili ulitokea ndani ya jiji lenyewe. Lengai Ole Sabaya, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Hai tangu 2018, alilalamikiwa kwa miaka bila kuguswa. Rais Magufuli alifariki Machi 2021. Mei Sabaya akasimamishwa kazi na kukamatwa. Oktoba 15 mahakama ya Arusha ikamhukumu miaka 30 kwa unyang’anyi wa kutumia silaha. Mei 2022 Mahakama Kuu, hapo hapo Arusha, ikaifuta hukumu hiyo, na sheria inatutaka tumtazame kama mtu aliyeshinda rufaa. Kinachonishughulisha ni kalenda. Malalamiko hayakubadilika kati ya Februari na Mei. Kilichobadilika ni aliyeketi Ikulu. Uwajibishaji unaosubiri mlinzi aondoke bado ni fadhila ya mkubwa mpya.

Nitapingwa kwa kesi ya Basil Mramba na Daniel Yona, mawaziri wa zamani waliohukumiwa miaka mitatu Julai 2015 kwa matumizi mabaya ya madaraka. Ni pingamizi la haki. Lakini miezi michache baadaye kifungo kilibadilishwa kuwa kazi za kijamii, na kesi hiyo imebaki kutajwa peke yake kila mjadala huu unapozuka. Mwaka 2020 sheria nayo ilisogea upande mwingine: mashauri ya haki za kikatiba dhidi ya Makamu wa Rais, Waziri Mkuu, Spika, Naibu Spika na Jaji Mkuu yakatakiwa kufunguliwa dhidi ya Mwanasheria Mkuu badala ya wahusika wenyewe.

Arusha haikosi historia ya kutaka zaidi ya hayo. Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU iliketi hapa ikaandika miiko: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Chama kiliiweka, na CCM iliyokirithi ikailegeza Zanzibar mwaka 1991. Mlinzi wa miiko alikuwa ndiye mwenye kubanwa nayo. Mwaka 1998 Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, katika mji huu huu, ilimhukumu Jean Kambanda, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Rwanda, kifungo cha maisha kwa mauaji ya kimbari. Makosa hayalingani hata kidogo na mkataba wa umeme. Lakini mji umekwishaona waziri mkuu akisimama mbele ya majaji kama mtu mwingine yeyote.

Na kabla ya yote hayo kuna Wameru wa Engare Nanyuki, waliofukuzwa kwenye ardhi yao mwaka 1951 ili walowezi wapewe. Mwaka uliofuata walimtuma Kirilo Japhet hadi New York kuishtaki serikali ya Mwingereza mbele ya Umoja wa Mataifa. Leo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake Arusha, chini ya Mlima Meru. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu raia wake kupeleka mashauri huko moja kwa moja, na mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa. Mjukuu wa Engare Nanyuki anaweza kuifikia mahakama hiyo kwa daladala. Kufungua shauri jipya hawezi.