Ubao Chini ya Tanga

Mashua ya makasia ikisimamishwa mlingoti na kutwekwa tanga, hukimbia vizuri upepo ukiipiga nyuma. Shida ni kurudi. Chombo chepesi chenye tako bapa hakina cha kushika maji: upepo wa ubavuni hukisukuma upande, na nahodha akipiga bisho hujikuta pale alipoanzia, au nyuma zaidi.

Jahazi hutegemea mkuku wake, na ngalawa husaidiwa na mbao za matengo zilizowekwa mshazari majini. Lakini mkuku mrefu haupiti maji mafupi. Palihitajika kitu cha kushuka na kupanda.

Pwani za Ecuador na Peru, mabaharia walikuwa nacho kabla Wahispania hawajafika. Walipenyeza mbao ziitwazo guara kati ya magogo ya chelezo, wakiziinua na kuzishusha omo au tezi ili kukiongoza chombo. Thor Heyerdahl alivuka Pasifiki kwa chelezo cha Kon-Tiki mwaka 1947, siku 101 kutoka Callao hadi Raroia, bila kuijua vyema sanaa hiyo. Majaribio yake ya mwaka 1953 huko Ecuador ndiyo yaliyomwonyesha kwamba chelezo nacho huweza kubisha. Waholanzi, kwa upande wao, walining'iniza mbao mbavuni mwa vyombo vyao vya maji mafupi.

Kutoboa mkuku wenyewe kulihitaji ujasiri zaidi. Mwaka 1774, John Schank, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliunda huko Boston mashua yenye ubao wa kushushwa katikati. Wazo lake liliizaa Lady Nelson, meli ya tani 60 iliyoshushwa majini mwaka 1798 ikiwa na mikuku mitatu ya kuinuliwa. Mwaka 1800 ilipita mlango wa bahari wa Bass, kusini mwa Australia, ikitoka magharibi, chombo cha kwanza kufanya hivyo.

Ubao wa Schank ulishuka wima, na ukigonga mwamba ulikwama au kuvunjika. Mwaka 1811, akina Swain wa New Jersey, Marekani, walipata hataza ya ubao unaozunguka kwenye pini: ukigusa chini, huinuka wenyewe. Uliwafaa sana wavuvi wa chaza.

Ubao wa kushushwa ulifika kwa fundi wa nyumbani kupitia Mirror, mashua ya plaiwudi yenye urefu wa mita 3.3, iliyobuniwa na Barry Bucknell na Jack Holt na kutolewa mwaka 1963 kwa pauni 63 na shilingi 11. Mbao zake zilishonwa kwa nyaya za shaba, kama mtepe ulivyoshonwa kwa kamba, kisha maungio yakafunikwa kwa utepe wa faibaglasi na gundi. Foromali yake husimama juu ya mlingoti mfupi, hivyo vyote huingia ndani ya mashua wakati wa kusafirishwa. Ubao wake hushuka wima ndani ya sanduku ambalo mdomo wake uko juu ya usawa wa maji.

Sanduku hilo ndilo linalomtoa fundi jasho. Likilegea kwenye mkuku, chombo huvuja. Likikaa mbele mno ya kitovu cha tanga, usukani huwa mzito na omo hukimbilia upepo. Kwa hiyo anayetaka kuigeuza mashua ya makasia kuwa ya tanga hupima kwanza mahali pa kukata sakafu, ndipo atafute mlingoti.