Kuzima Jeni ya MYC na Malaria ya Korogwe

Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, akiwa Kampala, alieleza uvimbe wa saratani kwenye taya za watoto ambao baadaye ulipewa jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka kwa gari Afrika Mashariki na ya Kati, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Ugonjwa ulionekana kufuata joto na mvua, na kupungua kadiri nchi inavyopanda. Mkazi wa Tanga anaielewa ramani hiyo upesi: Korogwe na Handeni ziko chini penye mbu, Lushoto iko juu kwenye baridi ya Usambara.

Tangu 1982 inajulikana kinachotokea ndani ya seli. Kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni ya MYC hukatika na kuhamia, mara nyingi, kwenye kromosomu ya 14, jirani na jeni za kutengeneza kingamwili. Katika seli B, ambazo ndizo hutengeneza kingamwili, jeni hizo hufanya kazi muda wote, na MYC iliyohamia hapo nayo haipumziki. Kazi yake ni kuamuru seli ikue na kugawanyika, hivyo uvimbe huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Je, amri hiyo ikikatizwa? Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello walionyesha kwamba RNA ya nyuzi mbili huzima jeni. Vipande vyake vifupi huongoza ukataji wa ujumbe wa jeni kabla haujasomwa, na protini haitengenezwi. MYC ikipunguzwa kwa njia hii, seli za Burkitt maabarani hupunguza kasi ya kugawanyika, na baadhi hufa. Mwaka 1999 Dean Felsher na J. Michael Bishop, wakitumia panya wenye MYC inayoweza kuwashwa na kuzimwa, waliona saratani ya seli za damu ikinywea jeni ilipozimwa. Ina maana kwamba seli hizi, pamoja na kasoro zake nyingine zote, zinaendelea kuitegemea jeni moja.

Hata hivyo, matokeo haya bado hayajawa dawa ya mtoto wa Handeni. RNA ikidungwa mwilini huvunjwa upesi, na ikifungwa ndani ya chembe za mafuta huishia zaidi kwenye ini. Dawa ya kwanza ya aina hii, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, hulenga ini hilohilo, nayo si ya saratani.

Naona thamani kubwa ya matokeo haya kwetu iko kwingine. Ikiwa MYC ndiyo injini, la kuuliza ni nani anayeiwasha. Vimelea vya malaria huchochea seli B kuzaliana na huongeza kimeng'enya AID, ambacho kazi yake halali ni kuanzisha ukataji wa jeni za kingamwili. Kikikosea shabaha, huanzisha ukataji wa MYC. Virusi vya Epstein-Barr navyo huisaidia seli iliyojeruhiwa isife. Ikiwa ndivyo, kuzuia malaria ni kuizuia MYC isihame.

Ushahidi wa moja kwa moja haujakamilika, na tusiupambe. Kaskazini mwa Mara, kati ya 1977 na 1982, watoto walipewa klorokwini. Uvimbe wa Burkitt ulipungua, lakini ulikuwa umeanza kupungua kabla ya dawa kugawiwa, na vimelea vikawa sugu. Korogwe ina nafasi bora zaidi ya kulijibu swali hili. Kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kilichopo hapo kilishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, na malaria katika vijiji vilivyofuatiliwa ilishuka sana kati ya 2003 na 2008. Takwimu za malaria zipo. Zinapaswa kuunganishwa na daftari la saratani za watoto wa wilaya hizi.

Daftari hilo linaanzia kwenye chumba cha meno. Mtoto huletwa magego yakilegea na shavu limevimba upande mmoja. Hung'olewa jino, hupewa antibayotiki, hurudishwa nyumbani. Wiki mbili baadaye jicho limesukumwa nje. Siklofosfamidi, dawa ya zamani na ya bei nafuu, huyeyusha uvimbe huu kwa haraka ya ajabu endapo itawahi. Kwa hiyo kipande cha nyama kichukuliwe siku ileile jino linapolegea bila kuoza, kipelekwe hospitali ya Bombo au Muhimbili, na jina la kijiji liandikwe kwenye fomu.