Poti iko wazi, seva haijibu: kisa cha Panix

Wasomaji wangu, hakuna hitilafu inayonichosha kama hii: programu ya seva bado inaendesha, netstat inaandika LISTEN, lakini ukiita poti yake ni kimya. Wengi huizima na kuiwasha tena. Itapona dakika mbili, kisha yale yale.

Septemba 1996 kimya hicho kiliiangukia Panix, kampuni ya intaneti ya New York. Kuanzia tarehe 6 seva zake zilishambuliwa siku baada ya siku, na wateja wakakosa barua pepe na tovuti. Mashine hazikuwa zimekufa. Foleni ndiyo iliyojaa.

Mnajua TCP husalimiana mara tatu. Mteja hutuma SYN, seva hujibu na kumwekea nafasi kwenye foleni, kisha humngoja athibitishe. Zamani programu nyingi za Unix ziliomba nafasi 5 tu, na mifumo ya BSD ilingoja kama sekunde 75 kabla ya kukata tamaa. Sasa piga hesabu: anayetuma SYN chache kwa anwani za uongo, hata kwa modemu ya simu, anafunga mlango wote. Majibu ya seva yanapotelea hewani.

Kinachoniudhi ni kwamba udhaifu huu ulijulikana tangu 1994. Bill Cheswick na Steve Bellovin waliuandika katika kitabu chao, kisha wakaiondoa ile aya. Nawaelewa, dawa haikuwepo. Lakini 1996 jarida la wadukuzi la Phrack lilichapisha mbinu pamoja na kodi yake, na wenye seva ndio waliokuwa wa mwisho kujua. Mimi ningeiacha ile aya.

Dawa ilikuja mwezi ule ule. Daniel J. Bernstein alisema: usihifadhi chochote! Ficha habari za mteja ndani ya namba ya kwanza unayomjibu. Akiirudisha sawasawa, ndipo umfungulie. Hizo ndizo SYN cookies, na Linux inazo tangu 1997.

Kwa hiyo poti yako ikinyamaza, hesabu kwanza mistari ya SYN_RECV. Ikiwa mingi kupita kiasi, unashambuliwa. Ikiwa hakuna, andika ss -ltn: Recv-Q ikiwa imefikia Send-Q, wateja wamefika mlangoni na programu haiiti tena accept. Hapo usimtafute mdukuzi, fungua kodi.