Dalili ya Mvua ni Mawingu

Wazee walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Lakini kila mkulima amepata kuona mawingu yakipita bila kudondosha tone. Katika historia ya Marekani lilikuwako jimbo ambalo watu walilitazama kama mawingu hayo.

Jimbo hilo ni Maine, kaskazini-mashariki mwa nchi. Zamani wenyeji wake walimchagua gavana mwezi wa Septemba, miezi miwili kabla ya taifa zima kumchagua rais. Mwaka 1840 walimchagua Edward Kent wa chama cha Whig. Novemba ilipofika, William Henry Harrison wa chama hicho hicho akaupata urais. Ndipo ukaenea msemo kwamba Maine iendako, ndiko taifa liendako.

Je, watu wa Maine walijua mambo yajayo? La, hasha. Tangu mwaka 1860 hata 1908 rais alichaguliwa mara 13, na kila mara Maine ilikipigia kura chama cha Republican. Chama hicho kilishinda mara 11. Basi Maine haikubashiri neno. Ilishika desturi yake tu, na desturi hiyo ikapatana na nguvu za chama kikubwa cha wakati ule. Kiliposhindwa mwaka 1884 na 1892, msemo haukufa.

Septemba 1936 Maine ilimchagua tena gavana wa Republican. Aliyeuamini msemo ule angetazamia ushindi wa Alfred Landon, mgombea wa chama hicho. Lakini mwezi wa Novemba Franklin Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Landon aliambulia mawili, Maine na Vermont.

Hata hivyo, watu hawakuacha kutafuta mawingu mengine. Wilaya ya Vigo, katika jimbo la Indiana, ilimpigia kura mshindi katika chaguzi 16 mfululizo, toka 1956 hata 2016. Mwaka 2020 ilimchagua Donald Trump, na Joe Biden akawa rais. Nchi ile ina wilaya zaidi ya 3,000; si ajabu moja miongoni mwao kulingana na taifa kwa muda mrefu, kisha ikaachana nalo.

Nawe kijana, siku utakapokabidhiwa karatasi ya kura, usiulize kwanza wengi wanaelekea wapi. Kura huulizwa shauri lako wewe, wala si kubahatisha shauri la wengine.