Neno, Dawa na Tuzo: Historia Fupi ya Uandishi wa Habari za Ukimwi kwa Kiswahili

Utangulizi

Mjadala kuhusu namna ya kuutambua na kuuhimiza uandishi bora wa habari za Ukimwi aghalabu huanza na tuzo: itolewe na nani, apewe nani, na iwe na thamani gani. Mhadhara huu unaanza na swali lililo nyuma ya hayo, yaani ni kazi ipi hasa inayostahili kuitwa bora. Jibu la swali hilo linahitaji historia, kwa kuwa kwa zaidi ya miaka 40 magazeti na redio za Kiswahili zimelazimika kuitafutia lugha hali ambayo mwanzoni haikuwa na jina. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba uandishi uliowafaa wananchi ni ule uliochagua neno sahihi na kuirudia habari ileile mara kwa mara, ilhali tuzo kwa kawaida huvutwa na kishindo cha habari moja.

Maradhi yanayotafutiwa jina

Nchini Tanzania wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mwaka 1983 katika Mkoa wa Kagera, mpakani na Uganda. Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa. Wananchi hawakuwangoja wataalamu ili kuyapa maradhi hayo jina. Kagera yaliitwa Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Yaliitwa pia silimu, neno lililotoholewa kutoka Kiingereza kwa kurejelea kukonda kwa mgonjwa. Jina la kwanza lilitaja njia ya biashara ambamo watu waliyaona maradhi yakipita, na la pili lilitaja dalili. Hakuna kati ya hayo lililotaja chanzo.

Neno Ukimwi lilipoenea katika muongo huo wa 1980, lilikuja na ufafanuzi ndani ya kifupisho chenyewe. Hata hivyo, ufafanuzi huo ulikuwa na sura mbili. Wapo waliosema Ukosefu wa Kinga Mwilini, na wapo waliosema Upungufu wa Kinga Mwilini. Herufi ni zilezile lakini maana si moja. Ukosefu ni kutokuwapo kabisa. Upungufu ni kuwapo kwa kiasi kisichotosha. Aliyekosa kinga amekwisha kupoteza kila kitu, bali aliyepungukiwa bado anaweza kusaidiwa. Matumizi rasmi nchini Tanzania yaliegemea upungufu, na ukosefu ukaendelea kusikika, hasa nchini Kenya.

Mitaani nako lugha haikulala. Vijana walisema umeme, ngoma, au kwamba fulani amekanyaga miwaya. Herufi za neno la Kiingereza, AIDS, zikafasiriwa kwa mzaha kuwa Acha Iniue Dogedoge Siachi. Tafsida na mzaha viliwawezesha watu kulizungumza jambo la aibu bila kulitaja. Mwandishi wa habari, kinyume chake, hakuwa na ruhusa ya kujificha humo, kwa sababu wajibu wake ulikuwa kueleza virusi vinaenezwa vipi na vinazuiwa vipi.

Lugha ya hofu na lugha ya utu

Kabla ya vyombo binafsi kuongezeka katika muongo wa 1990, sauti kubwa za habari kwa Kiswahili nchini Tanzania zilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam pamoja na magazeti ya Uhuru na Mzalendo. Kaulimbiu zilizotawala zilikuwa za kutisha: Ukimwi unaua, Ukimwi hauna dawa. Picha zilizoandamana nazo zilikuwa za miili iliyodhoofu, na watu wenyewe waliitwa wahanga au waathirika. Mhanga ni mtu aliyekwisha kutolewa kafara. Habari inayomwita hivyo imemzika kabla hajafa. Hofu ilikuwa na shabaha ya kuonya, lakini iliwafundisha pia wasomaji kumkimbia mgonjwa.

Mabadiliko yalikuja polepole, na yalitokana kwa sehemu kubwa na watu wanaoishi na virusi wenyewe, waliojitokeza na kudai waitwe hivyo. Neno unyanyapaa, lenye asili katika kitenzi cha zamani cha kumwonea mtu kinyaa, likapata kazi mpya na kuingia katika lugha ya kila siku ya magazeti. Rais Benjamin Mkapa alipoutangaza Ukimwi kuwa janga la taifa mwishoni mwa mwaka 1999, na Tume ya Kudhibiti Ukimwi ilipoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, msamiati huo ulipata nguvu ya kiserikali. Sheria ya mwaka 2008 ililinda usiri wa majibu ya vipimo, na hivyo jambo lililokuwa suala la adabu ya mwandishi likawa pia suala la sheria.

Tatizo la neno dawa

Hakuna neno lililoupima uandishi wa Kiswahili kuliko neno dawa. Katika Kiswahili, dawa yaweza kuwa kitu kinachoponya, kinachotuliza, kinachokinga, au hata kinachoua wadudu. Kaulimbiu ya kwamba Ukimwi hauna dawa ilikuwa na maana moja tu, yaani hakuna kinachouponya. Serikali ya Tanzania ilipoanza mwaka 2004 kutoa bila malipo dawa za kupunguza makali ya virusi, kaulimbiu hiyo iligeuka kuwa kikwazo. Msomaji aliyeamini kwa miaka mingi kwamba dawa haipo sasa aliambiwa aende zahanati kuichukua na aimeze maisha yake yote. Kazi ya kumweleza tofauti kati ya kutibu, kufubaza na kuponya iliangukia vyombo vya habari, na wale walioifanya kwa uangalifu walitoa huduma ambayo hospitali peke yake isingeweza kuitoa.

Ugumu huo ulikuwa umekwisha kuonekana nchini Kenya mwaka 1990, wakati Kemron, dawa iliyotengenezwa kwa kiasi kidogo cha intaferoni cha kumezwa, ilipotangazwa kwa shangwe huku Rais Daniel arap Moi akiiunga mkono hadharani. Majaribio yaliyofuata hayakuthibitisha matumaini hayo. Tangazo lilikuwa habari kubwa ya siku moja. Ukanushaji wake ulikuja taratibu, kwa lugha ya kitaalamu.

Miaka 21 baadaye, mwaka 2011, yaliyotokea Samunge katika eneo la Loliondo yalirudia sura hiyo kwa namna nyingine. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, aliyejulikana kwa jina la Babu, alitoa kikombe cha kinywaji cha mitishamba kwa shilingi 500, akieleza kuwa kinaponya Ukimwi, kisukari na maradhi mengine sugu. Foleni za magari zilienea kilomita nyingi, na wapo waliofariki wakiwa safarini au wakisubiri. Magazeti yalijaa ushuhuda wa watu waliojisikia nafuu. Hapa ndipo lugha ilipokuwa suala la uhai. Kusema kinywaji hakina sumu si kusema kinatibu. Kujisikia nafuu si kupona. Kupona nako hakuwezi kutangazwa kabla ya kipimo cha maabara. Mwandishi aliyeyachanganya maneno hayo katika kichwa kimoja cha habari alimpa mgonjwa sababu ya kuziacha dawa zake za kila siku. Aliyeyatenganisha alimpa sababu ya kuendelea nazo, hata kama alikuwa amekwisha kunywa kikombe.

Tuzo hupima nini

Kwa kuwa Kiswahili hakiko peke yake katika suala hili, ni vyema kutazama jinsi kazi za aina hii zilivyotambuliwa kwingineko. Nchini Marekani, Tuzo ya Pulitzer ya makala mwaka 1988 ilikwenda kwa Jacqui Banaszynski wa gazeti la St. Paul Pioneer Press, aliyesimulia kwa mfululizo maisha na kifo cha mkulima mwenye Ukimwi. Mwaka 2000 tuzo hiyo, upande wa habari za kimataifa, ilikwenda kwa Mark Schoofs wa The Village Voice kwa mfululizo wa sehemu nane kuhusu Ukimwi barani Afrika. Kazi zote mbili zilikuwa za kurudi, kukaa na kusikiliza. Aidha, ni muhimu kukumbuka kwamba kazi ya pili, ingawa iliihusu Afrika, iliandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya wasomaji wa New York. Ubora wake haupunguzi haja ya kazi inayomlenga msomaji wa Bukoba au Mombasa.

Katika redio ya Kiswahili upo ushahidi wa nguvu ya mwendelezo. Mchezo wa Twende na Wakati, uliorushwa na Radio Tanzania kuanzia mwaka 1993 mara mbili kwa wiki, haukurushwa Dodoma hadi mwaka 1995, na watafiti wakapata fursa ya kulinganisha. Walibaini kwamba palipousikia, watu wengi zaidi walichukua hatua za kujikinga. Huo ulikuwa mchezo wala si habari, lakini mafunzo yake yanahusu fani zote mbili: lugha inayoeleweka, ikirudiwa kwa subira, hubadili mwenendo.

Nchini Tanzania, Baraza la Habari na washirika wake walianzisha tuzo za umahiri wa uandishi mwishoni mwa muongo wa 2000. Hatua hiyo ilistahili sifa. Hata hivyo, tuzo yoyote inayopokea kazi moja moja kutoka kwa waandishi wenyewe itaiona habari iliyofichua, na ni rahisi isimwone mhariri aliyeondoa neno mhanga kwenye kichwa cha habari, wala mwandishi wa mkoani aliyefuatilia kwa mwaka mzima kama zahanati ina dawa.

Hitimisho

Takwimu nazo zinahitaji uangalifu huohuo. Utafiti wa 2003–2004 ulikuta asilimia 7 ya Watanzania wa Bara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana virusi. Ule wa 2022–2023 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wa miaka 15 na kuendelea. Mwandishi makini hatoi namba moja katika nyingine bila kueleza kwamba makundi ya umri hayafanani. Hali kadhalika, sasa inajulikana kwamba mtu anayetumia dawa ipasavyo hata virusi visionekane katika kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Taarifa hiyo bado haijawafikia wasomaji wengi kwa Kiswahili chepesi, na mwaka 2025 misaada ya Marekani iliposimamishwa ghafla, haja ya kufuatilia huduma hizo ilizidi.

Kwa mantiki hiyo, majopo ya tuzo yangefaa kuongeza vigezo vitatu: usahihi wa istilahi, ufuatiliaji wa habari kwa muda, na heshima kwa mtu anayeandikwa. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu zingeweza kutoa waamuzi wa kigezo cha kwanza. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Historia hii inaonyesha kwamba anayeyataja maradhi kwa neno lisilo sahihi naye huweza kukileta kilio hichohicho.